Ukungu Juu ya Ukungu: Jinsi Zabibu Zilizooza Zinavyotoa Mvinyo Mtamu

Asubuhi moja sokoni Kongowea, hapa Mombasa, nilisimama kwenye meza ya bwana mmoja anayeuza matunda ya kutoka nje. Alikuwa akifungua katoni ya zabibu nyeupe. Juu ya vichala palikuwa na karatasi laini yenye vifuko vidogo vya unga, na alipoiinua, harufu ya kiberiti ilitupanda puani sote wawili. Zabibu zilikuwa nzuri, isipokuwa kichala kimoja cha pembeni, pale ambapo karatasi ilikuwa imejikunja. Punje kama kumi zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo, zimelegea, na juu yake zimeota manyoya ya kijivu. Akakipuliza, vumbi kama la jivu likaruka. Akakitupa kwenye ndoo.

"Ati wewe si mtu wa mahoteli?" akaniuliza. "Kuna video yazunguka huko, wazungu wachuma zabibu kama hizi hizi zilizooza, wafanya mvinyo. Ni kweli, au ni maneno ya watu tu?"

Nikamwambia ni kweli. Akanitazama kama niliyemtukania biashara yake.

Video hiyo nimeshaletewa na watu wengi. Inaonyesha wavunaji waliovaa makoti, asubuhi ya baridi, wakikata zabibu zilizokunjamana na kuota kuvu, wakizilaza ndooni taratibu kama watu waokotao mayai. Maandishi yanayoisindikiza hubadilika kila inapopita: mara wazungu wanakunywa uozo, mara tunauziwa sumu, mara ni utamu wa sukari na rangi tu. Nimeulizwa na vijana ninaowafundisha kazi ya kuhudumu mezani, nimeulizwa na shemeji zangu, na nimeulizwa na mama mmoja jirani yetu ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe na hana nia hiyo. Swali la mama huyo ndilo lililonifanya nikae niandike. Mji wetu una watu wengi wasiokunywa, na wengi kati yao hufanya kazi mahotelini, hubeba chupa hizi, huziosha bilauri zake. Kujua kitu si kukinywa. Na anayehudumu asipojua anachobeba, siku moja atamdhuru mgeni wake.

Tembo la alfajiri na tembo la jioni

Tuanze na neno mvinyo lenyewe. Mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochacha. Kuchacha ni kazi ya hamira, vijidudu vidogo mno vinavyokula sukari na kutoa vitu viwili: pombe na gesi. Gesi hiyo ndiyo inayoumua mahamri. Kwenye mkate pombe hutoka motoni; kwenye pipa hubaki.

Mtu wa Pwani hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Mgema akiteremsha tembo alfajiri, ni tamu kama maji ya dafu yaliyotiwa sukari. Adhuhuri linatoa povu. Jioni ni kali. Likilala siku mbili tatu linaelekea siki. Hakuna mtu aliyeongeza kitu wala kuondoa kitu. Sukari imeliwa, ikageuka pombe, na kila utamu unapopungua ukali unapanda.

Shika hapo, kwa sababu nusu ya habari hii imo ndani ya tembo. Utamu na pombe ni pande mbili za mizani moja. Kwa hesabu ya watengenezaji, kila gramu 17 hivi za sukari ndani ya lita moja huzaa asilimia moja ya pombe. Zabibu zilizoiva kawaida zina karibu gramu 200 kwa lita ya maji yake. Hamira ikizila zote, unapata mvinyo mkavu, usio na utamu, wenye pombe ya asilimia 12 hivi. Ndiyo maana mvinyo mwingi mweupe unaouona mezani si mtamu hata kidogo, jambo linalowashangaza wengi wanaoonja mara ya kwanza wakitarajia juisi.

Basi ili mvinyo ubaki mtamu, ama hamira izuiwe kabla haijamaliza kula, ama zabibu ziwe na sukari nyingi kupita uwezo wa hamira. Njia hii ya pili ndiyo ya zabibu zilizooza.

Neno moja, mambo mawili

Kiswahili kina jambo la kupendeza hapa. Ule mvuke mweupe unaofunika bonde asubuhi tunauita ukungu. Na yale manyoya yanayoota juu ya mkate wa juzi, nayo tunayaita ukungu. Katika habari hii yote mawili yamo, na la kwanza ndilo linalolileta la pili. Ili nisiwachanganye, wa angani nitauita ukungu, na wa kwenye tunda nitauita kuvu.

Kuvu inayohusika ina jina la kisayansi Botrytis cinerea. Neno la kwanza limetoka kwenye Kigiriki na lina maana ya kichala cha zabibu. La pili ni la Kilatini na lina maana ya rangi ya majivu. Ndiyo hiyo hiyo niliyoiona ikipulizwa pale Kongowea, si binamu yake. Huishi karibu kila penye mizabibu, na si zabibu peke yake: hushambulia stroberi, nyanya na maua pia.

Kuvu moja, lakini ina sura mbili. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Sura ya kwanza ni uozo wa kijivu. Hewa ikiwa na unyevu mchana na usiku, au mvua ikinyesha mfululizo, kuvu hukua bila breki. Punje hupasuka, bakteria wa siki huingia, kichala chote huwa uji wenye harufu mbaya. Vivyo hivyo ikizivamia zabibu kabla hazijaiva. Huo ni msiba wa mkulima, na hakuna anayetengeneza nao kitu cha maana.

Sura ya pili Wafaransa huiita pourriture noble, na Wajerumani Edelfäule. Kwetu hakuna neno lililozoeleka. Darasani mimi husema uozo wa kiungwana, na naona linakaa. Hutokea pale zabibu zikiwa zimeshaiva vizuri, asubuhi kukiwa na ukungu, na mchana jua likawaka na hewa ikakauka. Ukungu wa asubuhi huipa kuvu unyevu wa kuota. Nyuzi zake nyembamba hupenya ganda la zabibu na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Kisha jua linakuja. Maji ya ndani ya zabibu hutoka kupitia vitundu hivyo, na kuvu yenyewe, kwa kukosa unyevu, hutulizwa isivuke mpaka. Kesho asubuhi ukungu tena, mchana jua tena. Baada ya siku kadhaa punje iliyokuwa ya rangi ya dhahabu huwa ya zambarau iliyofifia, halafu kahawia, kisha hukunjamana mfano wa tende.

Sasa fikiria jagi la maji ya ukwaju. Liweke motoni mpaka libaki robo. Hukuongeza hata kijiko cha sukari, lakini ukionja, utamu wake umezidi. Na uchachu nao umezidi. Zabibu hizi hupitia jambo kama hilo bila moto: maji yametoka, vilivyobaki vimesongamana. Uchachu huo ndio unaouokoa mvinyo usichoshe ulimi. Utamu mtupu hukinaisha, kama sharbati iliyosahauliwa ndimu.

Lakini kuvu haifanyi kazi bure. Yenyewe hula sehemu ya sukari, na sehemu ya tindikali pia, na badala yake huacha vitu ambavyo havikuwemo. Kimojawapo ni gliseroli, inayoupa mvinyo uzito wa kuteleza mdomoni. Vingine ni vya harufu: asali, aprikoti iliyokaushwa, maganda ya chungwa yaliyopikwa na sukari, zafarani, tangawizi. Ndiyo sababu huwezi kuchukua zabibu kavu za pilau, ukaziroweka, ukapata mvinyo huu. Zabibu za pilau zimepoteza maji kwa jua tu. Hizi zimepoteza maji na kufanyiwa kazi ndani.

Mito miwili

Kama ukungu na jua vyote vinahitajika kila siku kwa majuma kadhaa, ni mahali gani duniani pana mpangilio huo? Pachache sana, na karibu kila mahali pana maji jirani.

Mahali maarufu zaidi ni Sauternes, kusini-mashariki mwa mji wa Bordeaux, kama kilomita 40 hivi. Kuna kijito kiitwacho Ciron, chenye maji baridi kwa kuwa hupita chini ya vivuli vya misitu. Kijito hiki huingia katika mto mkubwa wa Garonne, ambao maji yake yana vuguvugu zaidi. Wakati wa vuli, maji hayo yanapokutana, ukungu huinuka usiku na kutanda juu ya mashamba mpaka kuelekea adhuhuri, jua likaufukuza. Ni jambo la kawaida kabisa, kama bilauri ya maji ya friji inavyotoa jasho ukiiweka kwenye meza ya hapa kwetu. Tofauti ni kwamba huko jasho hilo limejenga utajiri wa vijiji vitano: Sauternes, Barsac, Bommes, Fargues na Preignac. Zabibu inayotawala huko ni Sémillon, yenye ganda jembamba linalopenyeka kirahisi, ikisaidiwa na Sauvignon Blanc.

Hungaria kuna Tokaj, inapokutana mito ya Bodrog na Tisza. Austria kuna mji wa Rust, kando ya ziwa Neusiedl lenye maji mafupi. Ujerumani kuna bonde la Rhine na lile la Mosel. Ufaransa yenyewe ina pengine pia, hasa bonde la Loire. Afrika Kusini nayo imo: mvinyo wa Edelkeur wa shamba la Nederburg ulianza mwaka 1969, na leo chupa za namna hii kutoka huko huandikwa Noble Late Harvest. Ukikuta chupa yenye maneno hayo dukani Nyali, ujue ndiyo habari hii hii.

Nani aligundua? Kila nchi ina hadithi yake, na zote zinafanana kwa kitu kimoja: kuchelewa. Wahungaria husimulia juu ya mchungaji wa kanisa aliyechelewesha mavuno kwa hofu ya jeshi la Waturuki, karibu mwaka 1630, lakini neno aszú, linalotaja zabibu hizo zilizonyauka, limeonekana kwenye maandishi ya mwaka 1571, kwa hiyo hadithi imezaliwa baada ya mtoto. Wajerumani husimulia kuhusu shamba la mizabibu la Johannisberg mwaka 1775: ruhusa ya kuvuna ilipaswa kutoka kwa askofu mtawala wa Fulda, mjumbe wa farasi akachelewa, zabibu zikaoza, wakavuna hivyo hivyo kwa kukata tamaa, na pipa likawashangaza. Mimi naamini zaidi kwamba wakulima maskini wa nyakati nyingi tofauti walikataa kutupa mavuno yao, na baadhi yao wakabahatika.

Kwa nini bei inapanda hivyo

Rudi kwenye ile video uitazame tena mikono ya wavunaji. Wanachagua. Kuvu haishiki zabibu zote siku moja. Kichala kimoja kinaweza kuwa na punje tatu zilizo tayari, tano zinazoanza, na nyingine nzima kabisa. Kwa hiyo wavunaji hurudi shamba lile lile mara nne, tano, sita, kuanzia Septemba hadi pengine Novemba, kama wachumaji kahawa wa bara wanavyorudi kwenye mti mmoja kufuata buni zilizoiva. Wakati mwingine hukata punje moja moja. Punje yenye kuvu ya kijani au nyeusi, au yenye harufu ya siki, hutupwa chini. Hakuna mashine inayoweza kunusa hivyo.

Halafu kuna hasara ya maji. Sheria ya Sauternes hairuhusu zaidi ya hektolita 25 kwa hekta moja, yaani lita 2,500, na shamba linalosifika kuliko yote huko, Château d'Yquem, huvuna chini ya nusu ya hizo. Kwa wastani mzabibu mmoja pale hutoa bilauri moja ya mvinyo. Bilauri moja, kwa kazi ya mwaka mzima. Mahali pengine mzabibu mmoja hujaza chupa nzima au zaidi.

Na hali ya hewa haina mkataba na mtu. Mvua ya wiki moja inaweza kuugeuza uozo wa kiungwana ukawa uozo wa kijivu. Mwaka 1972, 1974, 1992 na 2012, Château d'Yquem haikutoa mvinyo wake kabisa, kwa kuwa zabibu hazikufikia kiwango. Hilo nalipenda kuliko sifa zake nyingine zote. Kupoteza mapato ya mwaka mzima kuliko kuuza kisichostahili si jambo dogo.

Upande wa pili wa mizani ni huu: mwaka 2011 chupa moja ya Yquem ya mwaka 1811 iliuzwa London kwa pauni 75,000. Mvinyo huu huishi miaka mingi sana, kwa sababu ya sukari na tindikali zake. Ukizeeka hubadilika rangi, kutoka dhahabu hadi rangi ya chai ya rangi. Vijana wangu hudhani umeharibika. Haujaharibika kwa rangi hiyo peke yake.

Hamira inaposhindwa

Pipani maji ya zabibu hizi yanaweza kuingia na gramu 360 za sukari kwa lita. Hamira huanza kula polepole, kwa tabu, maana sukari nyingi hunyonya maji ya viumbe vidogo; ndiyo sababu jemu haiozi upesi. Pombe ikifika asilimia 14 hivi, hamira imechoka: sukari inaibana upande mmoja, pombe inaitia sumu upande mwingine. Fanya hesabu yetu: 14 mara 17 ni 238. Zimebaki gramu 122 ambazo hazikuliwa. Huo ndio utamu ulioko kwenye bilauri.

Ili hamira isiamke tena, mtengenezaji hutia kiasi kidogo cha dioksidi ya salfa, yaani gesi ya kiberiti. Na hapa tunarudi Kongowea. Ile karatasi iliyotupanda puani hutoa gesi hiyo hiyo. Imewekwa katonini ili kuizuia kuvu hii hii ya kijivu njiani. Pale ilipojikunja, gesi haikufika vizuri, na kuvu ikapata mlango. Kwa wenye pumu ni vizuri kujua kwamba baadhi yao hudhuriwa na salfa hiyo kwenye mvinyo.

Sasa yale yanayosemwa mitaani.

La kwanza ni sumu, na silichukulii kimzaha. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa hapa Kenya, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mkenya akiogopa chakula chenye kuvu, ana haki. Lakini sumukuvu ile, aflatoksini, hutengenezwa na kuvu nyingine kabisa, hasa Aspergillus flavus, inayopenda joto na nafaka au karanga zilizohifadhiwa vibaya. Botrytis haijulikani kutengeneza aflatoksini, na mvinyo wake umenyweka kwa karne nyingi. Tafadhali mtu asiondoke hapa na ruhusa ya kula embe lenye ukungu au kusaga mahindi yaliyobadilika rangi. Nyumbani huwezi kujua ni kuvu gani, na wale wavunaji hawabahatishi. Wamefundishwa kutofautisha na wanatupa nyingi.

La pili ni kwamba ni sukari ya dukani. Si hivyo, kinachotokea ni maji kutoka, si sukari kuingia. Ulaghai umewahi kutokea, tena mkubwa: mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya wauzaji wa Austria walitia diethilini glikoli, kemikali inayojulikana kwa kuzuia maji kuganda, ili mvinyo wao uonekane mzito na mtamu kama wa uozo wa kiungwana. Nchi ile ilipoteza soko lake la nje karibu lote na ikatunga sheria kali. Lakini asili ya sukari haibadilishi kazi yake mwilini. Soda ya kawaida ina karibu gramu 100 kwa lita. Mvinyo wa Sauternes mara nyingi huwa kati ya 120 na 150, na ule wa Tokaj uitwao Eszencia huanzia 450, mzito kama asali, na hunywewa kwa kijiko. Mwenye kisukari asidanganywe na neno asilia.

La tatu ni kudhani kila mvinyo mtamu umetokana na zabibu zilizooza. Mingi haikutokana nazo. Ule wa port wa Ureno husimamishwa kwa kutiwa pombe kali hamira ikiwa bado inakula. Kuna unaotokana na zabibu zilizoganda kwa baridi mtini, Ujerumani na Kanada. Vin de Constance ya Afrika Kusini, ambayo mababu wa mvinyo wake walipelekewa Napoleon kisiwani St Helena, hutokana na zabibu zilizonyauka kwa jua bila kuvu. Na ile myekundu mitamu ya bei nafuu iliyojaa madukani mwetu kwa kawaida hamira imekatizwa, au imeongezwa maji ya zabibu. Hakuna uozo hapo.

La nne ndilo linaloniuma. Watu hudhani kitamu si pombe, au ni pombe kidogo. Mvinyo wa Sauternes una pombe ya asilimia 13 au 14, sawa na mvinyo mwingi usio na utamu au zaidi, na karibu mara tatu ya bia. Utamu huificha.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana kazini, familia moja ilikuja hotelini kwetu siku ya Idi pili. Kwenye orodha ya vitamutamu palikuwa na matunda yaliyochemshwa, yameandikwa kwa Kifaransa, jina zuri refu. Mama mmoja mtu mzima aliyaagiza. Nikaleta. Alikuwa ameshakula vijiko viwili aliponiita kwa mkono.

"Mwanangu, hiki kina nini ndani?"

Sikujua. Nilikwenda jikoni kuuliza, nikaambiwa ni mvinyo mtamu, na kwamba pombe ikishapikwa huisha. Haiishi yote, sehemu yake hubaki, na kwake yeye suala halikuwa asilimia. Nilirudi nikamwambia ukweli. Akaweka kijiko pembeni ya sahani, taratibu, akapangusa midomo. Hakupaza sauti.

"Ungeniambia kabla, mwanangu," alisema tu.

Ninapofundisha sasa, siku ya kwanza kabisa, kabla ya kushika kizibuo, kila kijana hujifunza kusoma orodha ya chakula na kuuliza jikoni: kipi kimetiwa mvinyo, kipi kimetiwa pombe, hata iwe tone. Sauternes hupenda kuwekwa kwenye mchuzi mtamu, kwenye keki, kwenye matunda. Jina la Kifaransa si maelezo.

Yule bwana wa Kongowea nilimweleza haya kwa ufupi, huku wateja wakipita. Alikuwa na swali moja zaidi, na ni swali zuri. "Sasa kama ni unyevu, Mombasa tunao tele. Mbona tusifanye hapa?"

Kwa sababu unyevu wetu haupumziki. Kaskazi au kusi, asubuhi au alasiri, hewa ya bahari hubaki imelowa, nguo zikikaa kabatini zinaota koga. Hakuna ule mchana mkavu wa kuitia kuvu adabu. Na joto letu haliipendezi Botrytis, ambayo hustawi zaidi kati ya nyuzi 15 na 25. Hapa kuvu nyeusi na za kijani zinazopenda joto zingeitangulia. Kenya mizabibu ya mvinyo imeoteshwa huko juu, Naivasha, na majirani zetu Tanzania wana Dodoma, kavu na yenye jua, lakini hapo napo ndugu yake ukungu wa kila asubuhi hayupo.

"Kwa hiyo ndooni ndiko kwao," akasema, akikitazama kile kichala.

Ndiko kwao. Akairudisha ile karatasi ya kiberiti juu ya zabibu zilizobaki, na kabla ya kufunga katoni akainyoosha pembe iliyokuwa imejikunja.